Dereva tulimpa barua ya onyo kwa pointi za mafuta, na mimi nina maili 84,000 za ndege

Binti wa Lushoto aliuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naandika kirefu kidogo, naomba mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kifuani tangu Machi.

Mimi ni afisa miradi katika shirika lisilo la kiserikali hapa Dar. Tunachimba na kukarabati visima vya vijijini, zaidi Gairo na Kilosa, lakini wenye fedha wako Uholanzi na Uswisi, kwa hiyo kila mwaka naitwa huko mara nne au tano kwa vikao na ripoti. Mwishoni mwa 2019, jengo la tatu la uwanja wa Julius Nyerere likiwa bado jipya kabisa, nilikaa nasubiri kuitwa kupanda ndege, nikajiandikisha kwa simu kwenye Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, yaani pointi unazopata kila ukiruka nao na baadaye unaweza kuzikatia tiketi. Tangu siku hiyo wakala wetu wa tiketi ana namba yangu. Tiketi inalipiwa na mradi, maili zinaingia kwa jina langu. Mwaka juzi nilimkatia mama tiketi kwa maili hizo akaenda Rotterdam kumwona dada yangu, nikatoa mfukoni kodi na tozo tu. Leo hii nina maili 84,000 na ushee.

Sasa dereva wetu. Jina silitaji, ofisini wote tunamwita Mjomba. Yuko na sisi mwaka wa 14. Kituo cha mafuta tunachojazia kina mpango wake wa pointi: unatoa namba ya simu, kila lita inaingiza kitu. Mjomba alikuwa anatoa namba yake. Land Cruiser yetu inakunywa mafuta, na barabara za Gairo wakati wa masika mnazijua, hivyo baada ya mwaka na nusu pointi zilitosha mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake la kukaa juu. Akauchukua, akampelekea mkewe Mbagala aliyekuwa anapikia mkaa.

Aligundulika hivi. Mhasibu alikuwa anabandika risiti za mafuta kwenye karatasi za kurejesha masurufu, akaona chini kabisa ya risiti, baada ya jumla na kodi, mstari mdogo: salio la pointi, halafu nyota nyota, halafu tarakimu nne za mwisho za namba ya simu. Akazilinganisha na orodha ya simu za wafanyakazi. Ikaitwa kamati ya nidhamu, ambayo mimi ni mjumbe wake.

Tulikaa dakika arobaini. Hakuna aliyesema kaiba mafuta. Lita zilikuwa zinalingana na kilomita za kwenye logibuku, safari kwa safari. Tulichoandika ni kwamba amejinufaisha binafsi kupitia matumizi ya rasilimali za shirika. Nikasaini, wa tatu kwenye orodha. Mjomba aliisoma barua amesimama, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati, akauliza, "Na mtungi niurudishe?" Tukatazamana. Swali lile halijapata jibu mpaka leo.

Wiki tatu baadaye alinipeleka uwanjani, saa nane usiku. Wakati anashusha sanduku langu akakishika kile kitambulisho cha Silver, daraja langu la Flying Blue, kinachoning'inia kwenye mpini, akaniuliza kwa upole kabisa, "Dada, hiki ndicho kinachokupitisha foleni ya pembeni?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Haya, safari njema." Usiku ule ndani ya ndege sikupata usingizi.

Na kuna la pili, zito kuliko hilo, ambalo sijamwambia mtu. Oktoba iliyopita nilikuwa naenda Geneva. Wakala alileta kotesheni tatu kama utaratibu unavyotaka. Ya bei ya chini ilikuwa ya kupitia Addis, ya KLM ilizidi kwa euro 230. Nikachagua KLM. Kwenye fomu, sehemu ya sababu, nikaandika "muda mfupi wa kuunganisha ndege". Si uongo, muda ulikuwa mfupi kuliko wa Addis kwa saa tatu. Lakini ukweli wote ni kwamba nilikuwa nimebakiza safari moja tu daraja langu la Silver lisishuke, na nililijua hilo nikiwa na kalamu mkononi. Mkurugenzi akasaini bila kuuliza. Mwezi huohuo kamati ya maji ya kijiji kimoja cha Gairo tuliikatalia vipuri vya pampu ya mkono vya laki nne, tukawaambia fungu limeisha.

Nimesoma kanuni za ofisi ukurasa kwa ukurasa. Maili hazimo. Na pointi za mafuta pia hazimo. Mjomba tulimhukumu kwa kifungu cha jumla cha mgongano wa maslahi.

Naomba ushauri wa watu wanaosafiri kikazi, wahasibu, na yeyote aliyewahi kupita hapa. Maili hizi ni zangu au si zangu? Na kama ni zangu, pointi za Mjomba zinakuwaje si zake?

---

Karani wa Hesabu, Dodoma:

Dada, asante kwa kusema wazi. Nimefanya ukaguzi wa ndani miaka tisa, nitakujibu kama mkaguzi.

Kwanza tuelewe mnyama mwenyewe. American Airlines walipoanzisha AAdvantage, mpango wao wa maili, tarehe 1 Mei 1981, na wenzao wa United wakafuata siku chache baadaye, shabaha yao ilikuwa abiria anayeruka mara kwa mara. Nani anaruka mara kwa mara? Mtu wa kazi. Na mtu wa kazi ana sifa moja tamu kwa mwenye ndege: anachagua yeye, analipa mwingine. Kwa hiyo zawadi inapelekwa kwa anayechagua. Ndiyo maana maili zinafuata jina lililo kwenye pasipoti hata kama hundi imesainiwa na mradi, na shirika lako haliwezi kuzihamishia kwenye akaunti yake hata likitaka.

Zamani angalau walihesabu umbali. Dar hadi Amsterdam ni umbali uleule ukilipa kidogo au ukilipa kingi. Kuanzia Aprili 2018 Flying Blue wanahesabu fedha: mwanachama wa kawaida maili 4 kwa kila euro ya nauli, Silver 6. Delta na United za Marekani walikuwa wameshafanya hivyo 2015. Maana yake kwa lugha ya ofisi yetu ni kwamba mwajiri akitoa zaidi, mfanyakazi anapata zaidi. Hapo ndipo mimi kama mkaguzi ninapokaa wima kwenye kiti.

Sasa piga hesabu ya Oktoba. 230 mara 6 ni 1,380. Nyongeza hiyo ya euro 230 peke yake ilikuingizia maili 1,380, na mradi ulitoa zaidi ya laki sita za Kitanzania. Maili 84,000 zisikunyime usingizi kiasi hicho. Hiyo fomu ya Oktoba ndiyo yenye kosa, kwa sababu umeandika sababu moja wakati zilikuwa mbili, na ile iliyokusukuma hukuiandika.

Wamarekani walilipitia jambo hili. Kwa miaka mingi mtumishi wa serikali yao kuu hakuruhusiwa kabisa kutumia mwenyewe maili za safari ya serikali. Desemba 2001 wakabadilisha sheria, wakasema abaki nazo, ila kwa sharti kwamba zimepatikana kwa masharti yaleyale ya raia wa kawaida na bila serikali kuongeza hata senti. Sharti hilo la pili ndilo ningeliingiza kwenye kanuni zenu neno kwa neno.

Na utaratibu wenyewe si mgumu. Anayesafiri asiwe ndiye anayechagua kati ya zile kotesheni tatu. Afisa ununuzi achague kwa bei na muda, wewe uletewe tiketi. Pia waambie ofisini wajiandikishe kwenye mipango ya ndege iliyo kwa ajili ya kampuni na mashirika: bluebiz ya Air France na KLM, au Emirates Business Rewards, kampuni inapata fungu lake na abiria anabaki na lake, bila kugombana. Wengi hawajui kama ipo.

Kuhusu dereva nitanyamaza kidogo, nataka kuwasikia wenzake kwanza. Ila lita zikilingana na kilomita, mimi kwenye ripoti yangu nisingeandika hoja.

---

Mkazi wa Köln:

Salamu kutoka Ujerumani, mwaka wa kumi na moja sasa niko huku. Karani kazungumzia Marekani, mimi niseme ya huku kwa sababu wamekwenda njia nyingine kabisa.

Kiangazi cha 2002 magazeti yaliandika kuwa wanasiasa walikuwa wametumia maili za safari za kibunge kwa safari zao binafsi. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi wa jimbo la Berlin, akajiuzulu mwisho wa Julai. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, naye akaachia nafasi yake ya usemaji katika chama. Bunge lilikuwa limewaelekeza kwamba maili za kazi zitumike kwa safari za kazi. Özdemir alirudi baadaye, akawa waziri wa shirikisho 2021, lakini wenyeji wa rika langu bado wanaikumbuka habari ile.

Halafu 2006 mahakama kuu ya kazi iliyoko Erfurt ikaamua kesi ya mfanyakazi wa kampuni binafsi: aliyegharamia safari ndiye mwenye manufaa yake, kwa hiyo mwajiri ana haki ya kumtaka mfanyakazi azitumie maili hizo kwa safari zijazo za kazi. Mantiki yao ni ya wakala na bosi wake: ukitumwa sokoni kwa fedha ya mtu, nyongeza unayopewa ni ya mwenye fedha.

Hapo nikakumbuka bibi yangu Pangani. Akinituma dukani, muuza duka akanipa peremende, bibi hakuwahi kuniuliza. Lakini nikileta sukari pungufu, aliuliza. Kwangu mimi hapo ndipo mpaka ulipo, na namwona Mjomba yuko upande wa peremende, wewe Oktoba ulikuwa upande wa sukari. Samahani kama nimekuumiza, sikukusudia.

Waajiri wengi huku, pamoja na hukumu ile, wanawaachia wafanyakazi maili zao. Lakini wanaandika. Unapoajiriwa unajua.

---

Mama wa Ngong:

Pole sana dada. Niko Nairobi, nimefanya kazi ya mauzo kwa miaka kumi na miwili, Kampala, Kigali, Lusaka, kila mwezi hewani. Mimi nakwambia zile maili ni zako na usizionee haya.

Kuna usiku mtoto wangu alipandwa na homa mimi niko Lusaka, nikamsikia kwenye simu akilia kwa msichana wa kazi. Hakuna posho iliyonilipa usiku huo. Kampuni inalipa kitanda na chakula, haikulipi kutokuwepo nyumbani. Maili ndizo zilizonipeleka Mombasa na watoto Desemba, siku tano. Nikiambiwa nizirudishe nitauliza nirudishiwe usiku ngapi.

Kwa watumishi wa umma ni jambo lingine. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi aliyopewa ofisa wa serikali katika shughuli rasmi ni zawadi kwa Jamhuri. Waziri akiniuliza kuhusu maili nitamwonyesha ibara hiyo. Lakini sisi wa kampuni na mashirika tuna mikataba yetu.

Ila hapo kwa dereva nimeshtuka. Kwani ofisi yenu hamna simu? Huku kwetu tangu 2007 tuna Bonga, pointi za kampuni ya simu ya Safaricom, moja kwa kila shilingi 10 unazotumia, na laini ya ofisi inajaza pointi kila siku. Sijawahi kusikia meneja ameitwa kamatini kwa Bonga. Mtu wa usukani ndiye anatafutwa mpaka chini ya risiti. Huyo mzee analala kwenye gari mkiwa mmelala gesti. Kama usiku wangu una thamani, na wake unayo.

---

Usukani Kazi:

Dada, shikamoo kwa wakubwa wote humu. Mimi ni dereva miaka 22, sasa niko kwenye kampuni ya ujenzi, Mbeya. Nitasema ya upande wetu.

Dereva anayetaka kuiba haendi kwenye pointi. Kuna kunyonya mafuta, kuna kuandikiwa risiti ya lita 80 ukajaziwa 65 mkagawana na wa pampu. Hayo yapo, na wenye kuyafanya wanajulikana. Mtu anayetoa namba yake ya simu, inayochapwa kwenye risiti, halafu anaipeleka risiti hiyohiyo kwa mhasibu kwa mkono wake kila wiki, huyo hakuwa anaficha kitu. Mngejiuliza hilo tu kabla ya kusaini.

Na pointi haziongezi lita. Kituo mlikichagua nyinyi ofisini, mkataba mlisaini nyinyi, yeye anaelekezwa jaza pale. Hana kotesheni tatu.

Lakini mimi nataka nikuulize kitu ambacho wenzangu hawajakigusa. Hiyo barua ina maisha gani? Kwetu sisi barua ya onyo ndiyo inayosomwa mkataba unapofika mwisho. Mradi ukiisha, mnapunguza watu, mnafungua mafaili. Kwenye faili lako wewe hakuna kitu. Kwenye lake kuna karatasi yenye saini tatu inayosema kajinufaisha. Mwajiri mpya akipiga simu kuuliza tabia yake, atajibiwa nini? Miaka 14, dada. Mtungi wa gesi una mwisho, barua haina, labda kama kanuni zenu zinasema.

Na usiende kumwomba radhi pembeni, garini, mkiwa wawili. Barua ilitoka ofisini, radhi nayo itoke ofisini, ikiwa na saini.

---

Binti wa Lushoto:

Wakuu, nimekaa kimya siku kumi na saba kwa sababu nilitaka nirudi nikiwa na la kusema.

Usukani, jibu lako nililisoma mara nyingi kuliko yote. Nilikuwa nimeshapanga kumwomba radhi garini, tena nilishachagua na siku. Nikaacha. Nimeangalia kanuni: onyo la maandishi linakaa kwenye faili miezi 12. Mkataba wa mradi unaisha ndani ya miezi hiyo. Sikuwa nimeliwaza kabisa wakati nasaini.

Nilimwandikia mkurugenzi kurasa mbili, nakala kwa mwenyekiti wa kamati. Nimetaja maili zote, tiketi ya mama, na Oktoba nimeieleza kama nilivyoieleza hapa, na hesabu ya Karani nimeiweka. Nimeomba barua ya Mjomba ifutwe na saini yangu iwe ya kwanza kuondolewa, na nimejitoa kwenye kamati kwa shauri hili. Mkurugenzi aliniita. Alikuwa mkali kuhusu Oktoba, na alikuwa na haki. Kuhusu maili kwa ujumla aliguna, akasema nisubiri, nikatambua kwamba na yeye ana kadi. Kamati itakaa mwezi ujao. Mwenyekiti anasema kufuta barua kutawapa madereva wengine ruhusa. Nimemjibu kwa maandishi kwamba ruhusa hiyo maafisa tunayo tangu siku ya kwanza, haijaandikwa popote tu.

Euro 230 nimezirudisha kwenye akaunti ya mradi. Mhasibu alikaa na stakabadhi mkononi, hajui aiingize fungu lipi, kwa sababu haijawahi kutokea mtu akarudisha kitu ambacho hajadaiwa. Mwishowe aliandika "marejesho ya nauli". Nimeomba vipuri vya pampu ya Gairo vipitiwe upya.

Mama wa Ngong, nimekuelewa, na ile habari ya homa imenigusa. Usiku wangu wa ugenini nami naukumbuka. Sijafikia kusema maili zote si zangu. Ila tangu sasa afisa ununuzi ndiye anachagua tiketi, nimeliomba hilo na limekubaliwa hata kabla ya kanuni kuandikwa. Safari ijayo ni ya kupitia Doha.

Mjomba aliitwa na mkurugenzi nikiwepo, akaelezwa kwamba shauri lake linafunguliwa upya na kwa nini. Alinitazama kidogo, kisha akauliza swali lilelile la Machi, la mtungi. Safari hii mkurugenzi akamjibu: hapana, usiurudishe. Mjomba akasema, "Ni vizuri, maana nimeshaujaza mara tatu kwa hela yangu."

Dada yangu wa Rotterdam anatarajia kujifungua Desemba, na mama ananiuliza kila Jumapili kuhusu tiketi. Maili 84,000 zipo palepale, bado sijazigusa.